Mwaka Nilioacha Kahawa Ipoe

Shangazi Thuwaiba alililiwa vizuri, hilo siwezi kumnyima. Siku tatu za matanga ngazi za jengo lake la Ruwi, hapa Maskati, zilijaa viatu vya wanawake, kutoka ghorofa ya pili mpaka chini kwenye maduka ya mafundi cherehani, na juu sebuleni watu wamekaa bega kwa bega, wengine wanasoma, wengine wanazungumza. Hao waliokuwa wanazungumza ndio niliowasikiliza. Thuwaiba hakuwa na choyo, wanasema. Ukenda kwake na shida hurudi mikono mitupu. Vijana wote wa nyumba ile kawasimamia yeye, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha maziwa ya tangawizi, na kila neno hilo likipita mlangoni nilizidi kukoroga. Kweli hakuwa na choyo. Atakuwaje na choyo mtu anayegawa vya wenzake?

Siku ya pili mwanawe, Nassor, alikuja mpaka kwenye korido, akasimama nyuma ya pazia kama adabu inavyotaka, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba kama yupo anayemdai marehemu mama yake, kikubwa au kidogo, ajitokeze alipwe, na mwenye kinyongo amsamehe kwa ajili ya Mungu. Sauti yake imenenepa siku hizi kama alivyonenepa mwenyewe. Wanawake wakaitikia, tumesamehe, tumesamehe, Mungu amrehemu. Mdogo wangu Shamsa, aliyemwosha shangazi kwa mikono yake, aliitikia huku analia. Bibi mmoja aliyekuwa karibu na mlango wa jiko akanigeukia kwa upole, "Na wewe Raya, mwanangu, husemi neno?" Nikamwambia maziwa yatamwagika. Mbele ya sheria na mbele ya benki sikuwa na dai la kulisema, kwa sababu shangazi hakuwahi kukopa kwangu hata baisa moja. Jina lilikuwa langu na saini ilikuwa yangu. Lakini kusamehe ni jambo jengine, na siku ile sikusamehe, na ninaandika haya kabla sijalainishwa na watu.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na Shamsa ishirini na nne. Kwa nini tulikaa kwa shangazi na si kwa wazazi wetu ni habari nyengine, haina haja hapa. Tulikuwa na chumba kimoja mimi na yeye, chumba cha nyuma, dirisha lake linatazama matangi ya maji ya jengo la jirani. Vitanda viwili, kabati moja la nguo lisilofunga mpaka ulipige teke, na kiyoyozi kikongwe kinachovuja, chini yake tumetega ndoo. Chumba cha mbele, kikubwa, chenye kiyoyozi kipya, kilikuwa cha Nassor, hata wakati hayupo Oman. Shangazi alikifagia kila Ijumaa, akakifukiza udi, akatandika kitanda, kisha akafunga mlango na ufunguo akautia kwenye mkoba wake. Mimi na Shamsa tukipita pale tulikuwa tunapunguza sauti, mtu ungedhani mna mgonjwa ndani.

Siwezi kusema tulilala na njaa. Shangazi alikuwa mpishi, tena mpishi wa kweli. Asubuhi vitumbua au mkate wa kumimina, mchana wali wa nazi na jodari aliyemfuata mwenyewe soko la Matrah, kwani hakuwa tayari kula samaki asiyemfunua mashavu kwa vidole vyake. Ijumaa alipika bokoboko la ngano na nyama, na Ijumaa haikupita bila wageni. Wakishakula alikuwa na maneno yake ya kunitambulisha, mkono wake umekaa begani kwangu. "Huyu Raya ndiye mwanamme wa nyumba hii," anasema. "Mtoto kasoma, kaajiriwa na serikali, mshahara wake unatuweka sote." Wageni wananitazama kwa kutamani na wao wangekuwa na mtoto kama mimi. Nilikuwa napenda kuyasikia maneno hayo, Mungu anisitiri, nilikuwa nayangojea.

Miaka miwili na zaidi kabla ya mwaka huo Nassor alitaka kufungua mkahawa Al Khoudh, karibu na chuo kikuu, awauzie wanafunzi urojo na mishkaki. Mtaji hana, na benki hazikumtaka kwa kuwa hakuwahi kukaa kwenye kazi moja mpaka mwaka ukaisha. Ijumaa moja baada ya chakula mimi ndiye nilikuwa namimina kahawa, wageni wamekaa juu ya zulia, wanawake watano au sita. Nikampa shangazi finjani yake. Akaipokea, akaiweka chini mbele yake, akakunja mikono. Lazima niieleze mila hii, maana kwetu Unguja haikuwepo, wazee wetu waliikuta walipohamia huku Oman. Ni mila ya watu wa ndani ya Oman, wa upande wa marehemu mume wake. Mgeni akija na haja kubwa, kuposa mtoto wa watu au kutaka msamaha wa damu, akipewa kahawa haigusi. Anaiweka chini, na mwenye nyumba anafahamu kuwa huyu hanywi mpaka akubaliwe. Kumwacha mgeni aondoke hajanywa kahawa yako ni aibu inayozungumzwa mpaka kwa wajukuu. Sasa shangazi hakuwa mgeni, nyumba ilikuwa yake, na buni yake, na kunifanya mimi mwenyeji ndani ya sebule yake ilikuwa kuipindua mila juu chini. Lakini nani angemwambia?

"Shangazi, mbona hunywi?" nilimwuliza kwa upumbavu wangu.

"Ntakunywa, mwanangu, ukishanambia ndiyo."

"Ndiyo ya nini?"

"Wewe sema kwanza. Au huniamini?"

Wageni wote walikuwa wananitazama mdomo. Nikasema ndiyo. Shangazi akanywa, akatikisa finjani kuonesha imemtosha, akanibusu kipaji cha uso, na wiki ile ile nikaomba kadi mbili za mkopo kwenye benki mbili, zikaja, na zote mbili zikaingia kwenye pochi ya Nassor. Mshahara wa serikali ulikuwa haukataliwi na mtu.

Mkahawa ulidumu msimu mmoja wa baridi. Nassor alinunua makochi kwanza, na bango la taa, na simu mpya ya kuzungumzia biashara, na wanafunzi walikuja wakakaa kwenye makochi wakanywa chai. Kisha akafunga akaenda Dubai kutafuta maisha. Benki zikaanza kunipigia mimi kazini, na wenzangu ofisini wakajifunza kunyanyuka wakanipisha simu inapolia. Miaka miwili nililipa. Mshahara ulikuwa ukiingia asubuhi, mchana haupo. Nilipomwambia shangazi amwambie mwanawe alete hata kidogo, alinitazama kwa huzuni ya kweli, hakuwa anaigiza. "Mtoto anahangaika kwenye nchi ya watu, unataka afanye nini? Wewe subiri, Mungu atakulipa." Benki zilikuwa hazipokei malipo ya aina hiyo. Na katika miaka hiyo nilichelewa miezi kadhaa, kwa hiyo deni likaisha na jina likabaki chafu.

Deni liliisha baada ya Idi ndogo, na hapo ndipo mwaka wangu unapoanza. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani: fleti ya vyumba viwili katika jengo jipya Al Khoudh, mlango wake ufunguliwe kwa ufunguo wangu. Chumba changu na chumba cha Shamsa. Tulikuwa tumekwenda kuitazama mara tatu kwa kigari changu kikuukuu, kuta bado hazijapakwa rangi, na Shamsa alikwishaamua kitanda chake kitakaa upande gani. Malipo ya mwanzo ningeyatoa kwenye dhahabu niliyoachiwa, lakini sehemu kubwa ilitaka mkopo wa nyumba, na mkopo wa nyumba ulitaka jina safi. Nikaenda benki moja pale pale Ruwi, nikaangukia kwa mama mmoja, Bi Badriya, aliyenisikia lafudhi nikizungumza Kiarabu akahamia Kiswahili. Alinitazama kwenye mashine yake, akavuta kiti karibu.

"Deni umemaliza, hongera. Lakini sifa mbaya haiondoki siku moja na deni," alisema. "Sasa nakwambia kama ndugu yangu. Watakuja watu kukuuzia kadi. Kila ukiomba kadi, benki inakwenda kukuchungulia, na kuchunguliwa kwenyewe kunaandikwa. Ukiomba tatu kwa mpigo, wa nne akija kukuchungulia anajiuliza, huyu ana njaa gani?"

"Basi nisiombe hata moja. Kwanza nazichukia."

"Ukikaa bila kitu, hawana cha kukujua nacho ila yale ya zamani. Omba moja tu, ndogo. Unaweka amana rial mia tatu hapa kwetu, na sisi tunakupa kadi ya rial mia tatu. Tia petroli, basi. Mwisho wa mwezi unalipa yote, usibakishe hata baisa. Majira ya baridi njoo, nitakuandikia mkopo wa nyumba."

Niliondoka pale na uchungu wa ajabu. Kwamba niliyefukiwa na kadi nitolewe na kadi. Nilikuwa nimeziapia, nilikuwa nimezikata kwa mkasi wa jikoni mbele ya Shamsa, vipande tukavitia kwenye maganda ya vitunguu. Na sasa mtu mwenye akili na huruma ananiambia rudi, chukua nyengine, wewe si mtu mpaka uaminike tena na wale wale. Mwezi mzima sikufanya kitu. Kazini, ukumbi wa chini, vijana wa benki walikuwa wameweka meza yao, wamevaa suti kwenye joto lile, na kila nikipita mmoja ananiita dada, kadi hii haina ada, kadi hii utapata jibu papo hapo, kadi hii rial elfu mbili. Wenzangu walichukua, wakaenda nazo Salala, kusini, kufuata mvua za kiangazi. Mimi nilipita ukutani kama mwizi.

Ndipo kiyoyozi cha chumba chetu kikafa, katikati ya mwezi wa Juni. Asiyeishi Maskati hatojua nimesema nini. Ukuta wa chumba ulikuwa moto usiku mzima, maji ya bomba la baridi hayaogeki, na Shamsa analala sakafuni kwenye korido juu ya shuka aliyoilowesha. Fundi akasema hiki hakitengenezeki, nunueni kipya. Na hatua nne kutoka pale alipolala mdogo wangu, nyuma ya mlango uliofungwa, kulikuwa na chumba kitupu na kiyoyozi kizima. Nilimwomba shangazi atufungulie tulale sisi mpaka joto lipungue. Alikataa kwa sauti laini. "Kitanda cha watu, Raya. Akija ghafla atalala wapi?" Kisha akaenda jikoni akatuletea jagi la maji ya barafu na ndimu, akakaa sakafuni akampepea Shamsa kwa kipepeo cha ukindu mpaka mkono ukamchoka. Alikuwa akimpenda Shamsa. Jambo hilo ndilo linalonitia hasira mpaka leo, kwamba alikuwa akitupenda kweli, na mapenzi yake hayakuufikia ule ufunguo.

Akiba yangu yote ilikuwa rial mia tatu na kitu. Ama ninunue kiyoyozi, ama niweke amana kwa Bi Badriya. Au njia ya tatu: nishuke ukumbi wa chini kwa yule kijana wa suti, nichukue kadi yake ya elfu mbili, ninunue kiyoyozi jioni ile ile, na amana pia niweke. Nilishuka. Nilikaa kwenye kiti chake, nikatoa kitambulisho changu, na kijana akaanza kuandika huku ananisifia kuwa mimi ni mtu wa maamuzi. Nilikuwa na usingizi wa siku nne kichwani, na niliona kila kitu kinawezekana. Alipoinua simu kuuliza habari zangu nikakumbuka, sasa hivi anakwenda kunichungulia. Nikakichukua kitambulisho mkononi mwake nikaondoka, na sikumuaga.

Jioni nilimweleza Shamsa yote, tumekaa kwenye ngazi za jengo kwa sababu ngazi zilikuwa na upepo kidogo. Chini mafundi walikuwa wanakunja vitambaa vyao. "Weka amana, dada," alisema. "Joto hili litakwisha tu, kila mwaka linakwisha." Nikamwuliza ataweza? Akasema kule Al Khoudh atakapokuwa na chumba chake atalala na blanketi mwezi wa Agosti. Basi nikaweka amana, nikapewa kadi ndogo, na tukalala koridoni majira yote yale. Shamsa alitoka vipele vya joto shingoni mpaka mgongoni, akasimama mbele ya wanafunzi wake siku ya kwanza ya kazi ya ualimu anajikuna kwa rula. Alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa. Nilitia petroli, nikalipa. Nilitia petroli, nikalipa. Nilianza kupata heshima yangu mwenyewe, na sikuipata kwa mtu.

Kadi ile nilimficha shangazi. Shamsa ndiye aliyeitoa siri, na hakuitoa kwa ubaya. Siku moja wakiwa wanachambua mchele shangazi alisema, maskini Raya, kaharibikiwa na benki, haaminiki tena, na Shamsa kwa kunitetea akasema sivyo, dada keshapewa kadi mpya, na anaambiwa jina lake linakwenda vizuri. Nilikuwa natoka kuoga, niliyasikia kwa masikio yangu. Nikasikia pia mchele unavyoacha kuchambuliwa. "Alhamdulillahi," alisema shangazi taratibu. "Kumbe benki zishamkubali."

Mwezi ule ule Nassor akarudi. Alirudi na mkoba mmoja na manukato, akalala kwenye kitanda chake, akawasha kiyoyozi chake, na haikufika wiki mbili akasema anataka kuoa. Binti alikuwa wa watu wenye nafasi zao, wana duka la dhahabu Matrah, na mahari yao haikuwa ya mtu wa mkoba mmoja. Nyumba ikaanza kunong'ona. Nilikuwa nikiingia jikoni, mama na mwana wananyamaza, shangazi ananiuliza nimekula. Usiku nasikia sauti zao kupitia ukutani, hazisikiki maneno, na jina langu tu ndilo linapenya. Nilijua. Nikamwambia Shamsa, ananijia, na Shamsa akasema hathubutu, mara ya kwanza ameona yaliyokupata.

Alinijia Ijumaa, baada ya bokoboko. Wageni walikuwa wengi kuliko kawaida, na kati yao yupo shangazi yake yule binti, amekaa mahali pa heshima. Nilipewa birika nimimine. Niliona kwa nini nimepewa mimi, nikamimina hata hivyo. Nikamfikishia shangazi finjani yake. Akaiweka chini.

Sikumwuliza mbona hunywi. Nilipita kwa aliyefuata, nikammiminia, na aliyefuata. Sebule ikanyamaza pole pole, mmoja mmoja, kila aliyeiona ile finjani akaacha kuzungumza. Mwishowe shangazi akaanza mwenyewe. "Raya, mwanangu. Huioni kahawa yangu?"

"Naiona, shangazi. Inapoa."

"Inakungoja wewe."

"Safari hii sema haja yako kwanza," nilimwambia. "Nataka waisikie na wao."

Hakupenda. Alitaka kuniendea kwa upande, lakini macho yalikuwa yamemgeukia yeye sasa. "Kitu kidogo tu, baina ya watu na watu wao. Nassor anaoa. Kadi mbili, za benki mbili, mpaka mambo yamkalie vizuri. Wewe jina lako lishasafika, mama yangu. Si umeshamaliza?"

"Limesafika kwa sababu nimelisafisha mimi. Na nina kazi nalo."

"Kazi gani inayomshinda ndugu yako?"

"Nyumba," nilisema. "Nataka kununua nyumba, nihame."

Hapo aliinama. Machozi yalimtoka bila sauti, yakaingia kwenye mtandio, na mtu mzima akilia mbele za watu hakuna anayeuliza nani mkosa. Bibi mmoja akanishika kanzu. "Mkubalie mwanangu, asinywe kahawa ya baridi mtu mzima huyu, jamani." Nilikuwa namwogopa, nilikuwa namwonea huruma, na nilikuwa nataka kumvunjia ile finjani ukutani, yote kwa pamoja. Nikasema, "Shangazi, nisamehe. Sitoomba kadi hata moja." Nikakaa chini mahali pangu na birika mapajani. Wageni waliondoka mapema, na yule wa upande wa binti hakunipa mkono. Kahawa ilibaki pale juu ya zulia mpaka alasiri, kisha shangazi akaibeba mwenyewe, akaimwaga kwenye sinki, akaosha finjani, akaifuta, akairudisha kabatini. Tangu siku ile mpaka nilipohama hakuniita kwa jina langu. Alikuwa akisema, mwambieni huyo chakula tayari.

Nilidhani harusi itavunjika. Haikuvunjika. Mahari ilikwenda kamili, na ukumbi ulikodiwa, na bwana harusi alivaa kilemba cha kashmiri ambacho bei yake wanawake waliinong'onezana meza hadi meza. Nilimwuliza Shamsa wamepata wapi. Alikuwa anabana nywele mbele ya kioo, pini mdomoni. "Rafiki zake wa Dubai wamemchangia," alisema. Nikaona ajabu kwamba Nassor ana marafiki wa namna hiyo, nikaliacha. Nilikuwa na yangu. Majira ya baridi yalikuwa yameingia, Bi Badriya amenichungulia akatabasamu, na maombi yangu ya mkopo wa nyumba yalikuwa yamepanda kwa wakubwa wake. Wiki kadhaa nilikuwa naamka alfajiri nikihesabu vitu vinavyoweza kuharibika. Vyote nilivyovihesabu vilikuwa vyangu.

Walinikubalia. Nilitia saini, nikauza dhahabu, nikapewa ufunguo mmoja na akiba yake. Siku ya kuhama shangazi alikuwa chumbani kwake na mlango hakuufungua; nilimuaga kupitia ubaoni, nikasikia tasbihi inavyosita kisha inaendelea. Shamsa alisema atafuata baadaye, akishamaliza mitihani ya wanafunzi wake. Ijumaa iliyofuata alikuja Al Khoudh na sufuria ya wali na samaki wa kupaka iliyofungwa kwa kanga. Fleti haikuwa na kitu. Tulikaa sakafuni sebuleni, tukala kwa mkono, sauti zetu zinarudi kutoka kuta tupu, na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga, nazungumza peke yangu, pazia hili, kabati lile. Nikamwambia chumba chake nimekwishakiosha, alete nguo zake kesho.

"Siwezi kuhamia, dada," alisema.

"Kwa nini? Keshakukataza?"

Aliulamba mchuzi kwenye kidole, taratibu, bila kunitazama. "Nikihamia huku nitakuchangia nini? Mshahara wangu ukiingia asubuhi, mchana haupo."

Nilimtazama. Maneno yale yalikuwa yangu, neno kwa neno, na sikutaka kuyaelewa. "Kakuwekea finjani?" nilimwuliza.

"Wala. Ilikuwa jikoni, usiku wa Ijumaa ile ile, sisi wawili tu. Alinambia dada yako kakataa. Basi. Nikaona kweli, wewe umekataa, sasa nani mwengine aliyebaki?" Kadi mbili, za benki mbili. Mwalimu mpya, mshahara mpya, jina halijawahi kuguswa, walimpa haraka kuliko walivyonipa mimi. Na zote mbili zimekwishajaa. Nilisema nitamsaidia kulipa. Akanicheka kidogo, akaniuliza nitamsaidia na nini, wakati benki ya nyumba inachukua nusu ya mshahara wangu kwa miaka ishirini.

Nilipandisha sauti ndani ya nyumba yangu mpya. Nilimwuliza kwa nini hakunambia, miezi mitatu tunalala chumba kimoja, kwa nini hakunambia siku ile ile, nikamzuia, nikaenda kumvunjia Nassor mlango wake.

"Kwa sababu ungekwenda ukazilipa wewe," alisema Shamsa. "Na maombi yako yalikuwa bado yapo benki. Nikangoja mpaka wakupe ufunguo."

Kisha akakusanya sahani, akauliza aoshee wapi, maana bomba la jikoni lilikuwa bado halijawekwa.